641 ni kigawo au kigawe?

SWALI: Niliandika hivi: "4,294,967,297 ni tarakimu witiri lakini si tasa, kwa sababu 641 ni kigawe chake." Mwenzangu anasema nimekosea. Kosa liko wapi? Na namba hiyo isomwe vipi?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ni lugha iliyoteleza, tena mara mbili.

Kosa dogo ni "tarakimu". Hizo ni alama tunazoandikia, kuanzia 0 hadi 9. Uliyonayo ni namba (wengine husema nambari) yenye tarakimu kumi.

Kosa kubwa ni "kigawe", maana linageuza hoja yote. Mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa: kiishio -e humwelekea mtendwa. Kiishio -o katika kizibo na kifuniko hutaja kinachoziba na kinachofunika. Kwa mantiki hiyohiyo, kigawo hugawa, na kigawe hugawanywa pasipo kubaki kitu. Kwa hiyo 641 ni kigawo cha 4,294,967,297, nayo 4,294,967,297 ni kigawe cha 641. Waliosoma hisabati kwa Kiswahili watakumbuka Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika. Vigawo vya namba vina kikomo, ndiyo maana tunatafuta kilicho kikubwa. Vigawe havina mwisho, basi tunaridhika na kidogo.

Umetumia "witiri" na "tasa" vizuri. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Yako ina vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Usione haya kwa kuichunguza, kwani iliwahi kumponza bingwa. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa, akaamini inayofuata, yaani hiyo yako, ambayo ni mbili 32 zilizozidishwa pamoja kisha ikaongezwa 1, nayo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa 641 inaigawa. Kuhusu jina la namba yenye vigawo zaidi ya viwili, mimi husema tu "isiyo tasa", na sijawahi kuona msomaji akipotea.

Kwenye kusoma, mtego uko kwenye elfu. Ukisema "elfu mia tisa na sitini na saba", mmoja atasikia 967,000 na mwingine 900,067. Laki huondoa utata huo: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa, elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Wasiopenda laki hutanguliza hesabu ya maelfu, "mia tisa sitini na saba elfu". Hilo nalo ni sahihi, ilmradi usichanganye mitindo miwili katika namba moja.