Wasifu wa Mwalimu wangu niliouandika vibaya

Juzi msomaji mmoja amenitumia ujumbe akiomba kielelezo cha wasifu wa marehemu. Aliyemfundisha kuchora amefariki. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na msomaji huyu ndiye aliyechaguliwa kusoma wasifu siku ya mazishi. Mwishoni mwa ujumbe ameandika: "Nataka watu walie." Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu, maana ndiyo hasa niliyokuwa nayo moyoni nilipoketi kumwandikia Mwalimu wangu.

Wengi mnaopita hapa mnaandika, na najua mnatamani kalamu zenu ziguse watu. Basi sikilizeni yaliyonipata.

Mwalimu aliugua polio akiwa mdogo, akatembea kwa magongo maisha yake yote. Alikuwa mchoraji, na alifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki, familia iliniomba mimi niandike wasifu. Nilikesha nao. Niliandika "licha ya ulemavu wake" mara saba. Nilihesabu baadaye, na karatasi bado ninayo. Nikaandika kwamba darasa letu lilikuwa ghorofa ya pili, na kwamba kila asubuhi alizipanda zile ngazi bila kulalamika hata siku moja. Watu walilia kweli. Nikarudi kukaa nikiwa nimeridhika.

Watu walipotawanyika binti yake alinifuata, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala za barua 11, zote kwa ule mwandiko wa Mwalimu unaolalia kushoto, zote kwa uongozi wa chuo, zote zikiomba jambo moja: darasa la uchoraji lihamishiwe chini. Kati ya barua ya kwanza na ya mwisho ilipita miaka tisa. "Kaka," aliniambia, "Baba alilalamika. Wewe leo umewasafisha." Kisha akauliza, "Na fimbo yake je? Mbona hukuitaja?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo neno lile linanichoma.

Fimbo yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu hakuweza kusimama muda mrefu mbele ya karatasi kubwa, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda, akafunga kipande cha mkaa kwenye ncha ya fimbo ndefu kwa kamba ya kiatu, akachora kwa mbali. Ukichora hivyo vidole havina kazi. Mstari unatoka begani. Alitufundisha sote kwa fimbo, hata sisi ambao miguu yetu haikuwa na shida, na ndiyo maana mchoro wa mwanafunzi wake utautambua popote kwa mistari yake mirefu isiyosita. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse naye, baada ya upasuaji wa 1941 uliomwacha akiishi zaidi kitandani na kwenye kiti cha magurudumu, alichora ukutani kwa mkaa uliofungwa kwenye fimbo ndefu, na akashika mkasi akawa anakata karatasi zilizopakwa rangi. Leo kuna wanaomjua kwa karatasi hizo tu. Namna alivyokaa ndiyo iliyozaa namna alivyochora. Kwa Mwalimu ilikuwa vivyo hivyo, nami niliyekaa naye darasani miaka minne nilisimama mbele ya jeneza lake nikazungumzia magongo.

Kwa hiyo anza na kazi. Andika alichora nini, kwa nini, na nani alijifunza kwake. Angalia mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko anavyosimuliwa. Kila mtu anaijua ajali ya basi ya 1925, anajua polio aliyougua akiwa na miaka sita, anajua mguu uliokatwa mwaka 1953. Wangapi wanajua kwamba alikuwa mwalimu? Mwaka 1943 alianza kufundisha katika shule ya sanaa ya La Esmeralda, na mwili ulipomzuia kwenda, wanafunzi wakamfuata nyumbani kwake, mtaa wa Coyoacán jijini Mexico City. Wachache waliobaki naye waliitwa Los Fridos, yaani watu wa Frida. Mwaka huohuo aliwasimamia kuchora kwenye ukuta wa nje wa kilabu cha pombe kiitwacho La Rosita. Mwalimu anayewatoa vijana darasani wakachore mahali ambapo kila mpita njia atawahukumu anastahili aya nzima, na aya hiyo huipati kwa kuhesabu mifupa yake iliyovunjika.

Nasema tena, anza na kazi. Halafu waulize waliokuwa karibu naye, kabla hujaandika, si baada ya kusoma. Mimi ningeuliza swali moja tu nyumbani kwa Mwalimu, ningeonyeshwa bahasha ile mapema. Na usikifiche kikwazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 unaueleza ulemavu kuwa unatokana na mtu mwenye dosari, ya mwili, ya akili au ya hisi, kukutana na vizuizi vya mitazamo ya watu na vya mazingira. Ngazi zile zilikuwa na wenyewe. Ukimsifu marehemu kwa kuzivumilia, umewaondolea lawama waliokataa kulihamisha darasa.

Mwaka jana familia iliandaa maonyesho ya picha zake, wakaniita tena. Niliandika upya kila neno. Fimbo iliwekwa mlangoni, ikiwa na kamba yake ileile, na barua mbili zikatundikwa kando ya picha alizochora miaka hiyo. Binti yake alisoma maelezo yangu yote akiwa amesimama, akakata mwaka mmoja niliokosea, akaandika ulio sahihi, akanirudishia. Hakugusa kitu kingine. Naona fahari kusema hivyo.

Ndugu uliyeniandikia, kielelezo sitakutumia. Lakini mazishi ni Jumamosi, na siku tatu zinatosha. Nijibu hili kwanza: mikono iliyoshika brashi ndiyo iliyozungumza nanyi kwa lugha ya alama. Alipotaka kusema jambo katikati ya kuchora, brashi aliiweka wapi?