Jina Langu Lilikopa Bila Mimi

Juzi usiku msomaji mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, ameniandikia: "Dada, kuna watu wanipigia kila siku nilipe mkopo. Wallahi sijakopa." Nikauweka upawa chini. Mchuzi ukashika chungu, sikujali. Maneno hayo hayo niliyasema mwaka jana mbele ya meza ya benki, na hakuna aliyeniamini.

Nilikwenda kuomba pesa za cherehani ya pili. Nyinyi mnaoshona mabuibui mwajua, Shaabani ikikukuta na cherehani moja, Idi utaila kwa kilio. Makaratasi nimeyapanga, hesabu za duka zote. Kijana wa benki akabofya, akanitazama, akabofya tena. "Mama, umeorodheshwa CRB." Yaani ofisi inayoweka rekodi za mikopo imeniandika kuwa sikulipa deni. Mkopo wa simu, shilingi 9,800, umevimba kwa riba na faini hadi 15,000 na ushei. Mimi! Mimi nisiyekopa hata kibaba cha unga.

Aliyenifungua macho ni mwanangu wa kidato cha pili. "Mama, piga *106# hapo kwenye laini yako ya Safaricom." Zikatokea nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Yangu naijua, ya duka naijua. Ya tatu siijui. Nikaipiga: imezimwa.

Hapo nikakumbuka. Mwembe Tayari, jua la saa saba, kijana chini ya mwavuli anisajilia laini ya duka. Akapiga picha kitambulisho, mbele na nyuma. "Aah mama, mtandao umekataa, turudie." Akapiga tena. Akanipiga na uso mara mbili, nami najitengeneza mtandio nitoke vizuri! Ushahidi sina, na simshtaki mtu. Lakini hadi leo nikipita pale, nikiona ile miavuli, kitu hunikaba kooni.

Yaliyofuata ni foleni na "njoo kesho", siwachoshi. Kwanza polisi, nikachukua nambari ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Hiyo hailipiwi; ukiombwa ya chai, kaa kwenye benchi ungoje. Laini ile nikaikana, ikafungwa. Kisha barua kwa waliotoa mkopo, na nyingine kwa ofisi ya CRB iliyoniorodhesha, kila moja na nambari ya OB juu yake. (Ripoti yako ya CRB una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Nani aliwahi kutuambia?) Wakopeshaji walipoanza kunizungusha, nikawaandikia kuwa nakwenda kwa Kamishna wa Data, chini ya sheria ya kulinda data ya 2019, na malalamiko huko yana siku 90 kumalizwa. Wiki hiyo hiyo barua ya kunisafisha ikatoka. Nimeitia plastiki, ipo ukutani karibu na leseni ya duka, kila mteja aione.

Basi dada zangu, nisikilizeni. Mwasema wezi ni watu wa kompyuta. Na nani aliyewapa vitambulisho vyetu? Sisi twaacha kitambulisho kwa askari getini kana kwamba ni mwavuli. Picha yake twamtumia kwa WhatsApp dalali wa nyumba ambaye hata jina la babake hatulijui. Wiki iliyopita nimenunua viazi karai, nikaikunjua karatasi, mafuta yachuruzika: kopi ya kitambulisho cha mama wa watu! Nambari yasomeka, sahihi ipo chini. Viazi nikavila. Karatasi nikaenda nayo nyumbani, nikaichoma.

Siku hizi kopi simpi mtu ikiwa tupu. Natoa kalamu, napiga mistari miwili juu yake, naandika kati: "Ya kukodi nyumba tu", na tarehe. Karani akinuna, anune. Na *106# naipiga kila tarehe ya kulipa kodi ya duka, kwa sababu hiyo tarehe hata nikitaka kuisahau mwenye nyumba hataki.

Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 nayo ipo: anayetumia utambulisho wa mwenzake kwa hila, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Mshike kwanza.

Na wewe wa Kisauni, usilipe hata shilingi eti wakuache. Ukilipa umelikubali deni. Kesho pitia kituoni kabla hujafungua biashara, ukitoka na OB niandikie. Barua tutaiandika pamoja, nakala ya yangu bado ninayo.