Jibu: Pedeli ya mafuta iko mbali nikishusha gia

Mkuu, umesema ukishika breki na kutaka kupiga resi kwa mguu huohuo wa kulia ili ushushe gia, mguu haufiki kwenye mafuta. Kabla hujanunua chochote, pima kimo cha pedeli hizo mbili breki ikiwa imekanyagwa kwa nguvu, si ikiwa imeachiwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Breki iliyokanyagwa inatakiwa ilingane na mafuta au iwe juu kidogo tu. Kama inabonyea kama sponji, toa hewa kwenye mfumo wa breki kwanza, maana kimo kitabadilika.

Tatizo likiwa ni upana wa nafasi kati ya pedeli hizo, funga bamba linalopanua pedeli ya mafuta upande wa breki. La boliti, tafadhali. Yale ya kubandika huteleza, nami sipendi kitu kinachocheza chini ya mguu wangu. Kisha, injini ikiwa imezimwa, kanyaga mafuta hadi mwisho na uachie: pedeli irudi yenyewe, isikwame kwenye zulia. Jaribu pia kukanyaga breki ghafla ukiwa na kiatu unachoendeshea. Ukigusa mafuta, umeongeza mno.

Halafu si lazima ukanyage mafuta kwa kisigino. Mimi hukanyaga breki kwa upande wa kidole gumba na kulaza ukingo wa nje wa mguu kwenye mafuta.