Kupima Uwiano wa Mwili na Watoto Nyumbani kwa Kamba

Kwa mzazi anayetaka kuwafundisha watoto kuhusu uwiano wa mwili, ushauri wangu wa kwanza ni kuiweka kando futi ya fundi cherehani na kuchukua kamba isiyovutika. Nimeona kwa wanangu kwamba sentimita huzua haraka mashindano ya nani mrefu kuliko nani, ilhali kamba humfanya kila mtoto aulinganishe mwili wake na mwili wake mwenyewe.

Mtoto asimame pekupeku, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kisha umlazie kitabu chenye jalada gumu juu ya utosi. Ikiwa amesukwa au ana nywele nyingi, kikandamize mpaka kifike kwenye fuvu. Weka alama ukutani, halafu ukate kamba iliyo sawa na kimo hicho.

Kabla ya kuizungusha kamba kichwani, usawa wa paji la uso, mwache akisie itazunguka mara ngapi. Wanangu walikisia mizunguko mingi mno, na mshangao wao ndio uliolifungua somo lote. Mtu mzima hupata mizunguko 3 hivi. Mtoto wa umri wa kuanza shule hupata 2 na ziada kidogo. Na mtoto mchanga, ambaye kwa kawaida huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi na mzingo wa kichwa wa sentimita 35 hivi, hafikishi hata mmoja na nusu. Usiharakishe hapa. Waeleze kwamba kichwa hutangulia kukua kwa sababu ya ubongo, ambao mtoto akiwa na miaka 6 huwa umekaribia ukubwa wa utu uzima, na miguu ndiyo hufuata kurefuka. Kwa hiyo kichwa cha mtoto mchanga huchukua robo nzima ya urefu wake, na cha mtu mzima huchukua sehemu moja tu kati ya 7 au 8.

Hapo ndipo pa kuwasimulia kipimo walichopitia wengi wa babu na bibi zao katika Afrika Mashariki: mtoto ambaye umri wake haukujulikana alipitisha mkono juu ya kichwa, na akilishika sikio la upande wa pili alihesabiwa kuwa tayari kwa darasa la kwanza. Wajaribu wote, hata mdogo wa miaka 3, ambaye hatalifikia kwa kuwa mkono wake bado ni mfupi ukilinganishwa na kichwa. Kama njia ya kujua umri, naamini kipimo hicho kiliwaonea wengi, maana watoto wa umri mmoja hawakui kwa kasi moja. Kama jaribio la nyumbani, hakina mfano.

Kisha mtoto anyooshe mikono pande zote mbili na muinyooshe ile kamba kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Itakaribia kutosha kabisa, ingawa kwa wadogo huenda ikazidi kidogo. Hesabu ya watu wa pwani yetu imo humo: shubiri, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kiganja kikiwa kimetanuliwa, zikiwa 2 ni dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa 4 ni pima, ambayo ndiyo mikono iliyonyooshwa. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika uwiano huohuo, na Leonardo da Vinci akauchora mnamo mwaka 1490. Mtoto akimpima baba kwa dhiraa yake mwenyewe, atapata zaidi ya 4, na ataelewa mara moja kwa nini wauzaji na wanunuzi wa vitambaa walihitaji kipimo kisichotegemea mkono wa mtu.

Kwa waliobalehe, waachie wajipime wenyewe. Nyayo na viganja vyao mara nyingi hutangulia kukua, na neno moja la utani kutoka kwa mtu mzima linaweza kuwaumiza kwa muda mrefu. Andika tarehe kwenye karatasi na uifunge kwenye kila kamba, kisha mrudie kupima baada ya miezi 6, saa ileile ya siku, kwa kuwa kimo hupungua kwa takriban sentimita 1 kati ya asubuhi na jioni.