Petroli kwenye tangi la dizeli: nijaze dizeli juu yake?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux D-4D ya 2012. Jana nikielekea Morogoro, mhudumu wa sheli aliniwekea petroli lita 20, na tangini kulikuwa na dizeli kama lita 30. Nimetembea nusu kilomita hivi ndipo nikasoma risiti, nikazima. Fundi wa mtaani ananiambia nijaze dizeli mpaka juu, eti itajichanganya na kuisha yenyewe. Nimsikilize?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usimsikilize, na swichi usiiguse tena.

Huyo fundi hajatunga. Zamani, kwenye nchi za baridi kali, baadhi ya injini za dizeli ziliruhusiwa kuchanganyiwa petroli kidogo ili dizeli isigande. Ushauri huo umebaki midomoni, injini zimebadilika. Halafu piga hesabu: hata tangi la lita 80 likijaa, robo yake itakuwa petroli.

Gari lako ni komon reli, yaani bomba moja la presha kubwa (reli) hugawa dizeli kwa nozeli zote, zile zinazoipuliza ndani ya injini. Pampu yake husukuma mafuta kwa presha inayopita bar 1,000, na kinacholainisha vyuma vyake vya ndani ni dizeli yenyewe inayopita humo. Petroli haina utelezi huo, tena inauosha. Chuma kikisagana na chuma hutoka vumbi la chuma, nalo linasafiri kwenye reli mpaka kwenye nozeli, zenye matundu madogo mno. Hapo utanunua pampu na nozeli zote kwa mpigo.

Nusu kilomita inatia matumaini, kwa sababu mafuta yaliyotangulia kuingia kwenye injini ni ile dizeli iliyokuwa kwenye mipira na filta. Usikubali wakusukume ili iwake. Livute, giya ikiwa frii, mpaka kwa fundi anayezijua D-4D, mmwage tangi lote. Kazi ifanyike nje, penye hewa. Wasiliingize juu ya shimo la gereji, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama shimoni na cheche moja inatosha. Na kunyonya kwa mpira mdomoni, hapana kabisa. Petroli ikikupalia inaingia mapafuni.

Tangi likikauka, lisuuzwe kwa lita chache za dizeli, nazo zimwagwe. Wekeni filta mpya, na ile ya zamani msiitupe. Ipasueni, mtandaze karatasi yake juani. Mkiona chembe zinazong'aa, pampu imeanza kujila, basi ifunguliwe kabla ya kuwasha. Pakiwa safi, wekeni dizeli, mpige pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndipo muwashe. Mkipiga stata ndefu mfumo ukiwa na hewa, mnaisaga pampu ile ile mnayotaka kuiokoa. Iache isilensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, uisikilize: ikigonga, ikikosa nguvu au taa ya injini ikiwaka, zima.

Risiti itunze, kwa kuwa inaonyesha aina ya mafuta na lita. Rudi kwa meneja wa sheli leo hii, si wiki ijayo, ukiwa na chupa ya kioo ya mchanganyiko huo uliomwagwa. Kosa hili ni rahisi kwao: bomba la petroli ni jembamba, linaingia kwenye mdomo wa tangi la dizeli bila kukwama. Dizeli kwenye gari la petroli ni nadra zaidi, na madhara yake kwa kawaida ni madogo: moshi mwingi, plagi chafu, gari linakataa kuwaka. Hata hivyo nalo humwagwa.

Vijana wa gereji watakuomba hayo mafuta. Usiwape ya jiko la utambi wala koroboi. Yana petroli, yatalipuka. Yapelekwe kwa wanaokusanya mafuta machafu, na dumu liandikwe wazi kilichomo.