Castleton na mama mwenye magoti mabovu: ni pango lipi?

Ndugu uliyeuliza umpeleke wapi mama yako kwa siku moja kutoka Manchester, aone kijiji cha mashambani na pango pia, nakushauri Castleton, katika jimbo la Derbyshire. Niliishi Sheffield miaka mitatu, na karibu kila mgeni wangu nilimfikisha huko.

Pandeni treni inayosimama vituo vidogo, mshuke Hope. Kutoka hapo kijiji kiko umbali wa kilomita tatu hivi, na basi lipo.

Mapango yaliyo wazi kwa wageni ni manne, yote katika milima ya mawe ya chokaa. Usijaribu kuyamaliza. Kosa langu mimi lilikuwa kumshusha shangazi yangu Blue John Cavern, linakochimbwa jiwe la zambarau lenye mistari ya manjano, bila kuuliza kwanza habari za ngazi. Kushuka kulikuwa kwepesi, lakini vidato ni 245 na vyote hupandwa tena. Tulipotoka nje, shangazi aliketi juu ya ukuta wa mawe na hakunisemesha mpaka alipopata chai. Speedwell nako, ambako watu hupita kwa mashua ndani ya handaki la wachimbaji wa madini ya risasi wa karne ya 18, kuna ngazi zaidi ya 100.

Kwa hiyo mama mpeleke Peak Cavern, ambalo ngazi zake ni chache, ingawa kuna mahali pa kuinama. Mdomo wake, ulio nyuma kabisa ya nyumba za kijiji, chini ya magofu ya ngome ya Peveril, ni mpana kiasi kwamba wasokota kamba waliishi humo na familia zao, na masizi ya meko yao yangali darini. (Jina lake la zamani linataja makalio ya shetani; usimfasirie mama.) Mvua kubwa huweza kulifurisha, basi pigeni simu kabla ya kuondoka, na mchukue sweta hata kama ni Julai.

Mama akipumzika mkahawani, wewe fuata barabara ya zamani chini ya mlima Mam Tor. Ilifungwa kwa magari mwaka 1979 baada ya mlima kuiporomosha mara kwa mara, na pale ilipokatika utahesabu tabaka za lami walizokuwa wakiongeza kila walipoitengeneza.