Muulize Anti Mezani: Carbonara ya krimu, piza iliyolowa katikati na bili ya watu wanane

Naona safari hii mmekula njama. Nimefungua meseji zenu na zaidi ya nusu ni habari za migahawa ya Kitaliano, sio ile ya kwenda na suti, ile ya kawaida yenye ubao wa chaki ukutani na meza zinazoyumba ukiegemea. Haya tuanze, na msinune nikiwakatia maneno maana wengine mnaandika kama hati ya kiwanja.

Anti shikamoo. Mi na mume wangu tumejiwekea kila mwisho wa mwezi tunatoka, tunazunguka migahawa ya Kitaliano ya mji wetu mmoja mmoja, sa hivi tumefika wa tano. Kila tukikaa mi naoda carbonara na kila mahali naletewa kitu tofauti, kuna niliyoletewa nyeupe inaogelea, kuna ya kuku na uyoga, alafu ya juzi ndo ilinichosha kabisa, imekuja ya njano, kavu, mchuzi hauonekani, nikajua tumepunjwa. Ipi ndo yenyewe? Na mgahawa mzuri tutaujuaje kabla hela haijaisha? — Wa Mwisho wa Mwezi

Marahaba mwanangu. Huyo wa juzi uliyesema kakupunja ndo kakupa yenyewe, rudini mkamuombe radhi. Carbonara ni chakula cha Roma na vitu vyake vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: tambi, mayai (hasa kiini), jibini la pecorino, pilipili manga, na guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyotiwa chumvi ikakaushwa. Krimu hamna. Ule ulaini wake ni kiini na jibini vimekutana na maji kidogo yaliyochemshia tambi, na kazi yote iko kwenye moto, kikaango kikiwa cha moto sana yai linaganda unaletewa tambi na mayai ya kuvuruga, kikiwa kimepoa unakula yai bichi. Mpishi anakitoa motoni kabisa, anapinduapindua haraka haraka mpaka mchuzi unang'ang'ania tambi, kwa hiyo usipouona umetuama kwenye sahani haujapungua, umeshikwa. Sasa jikoni ijumaa usiku, oda zimepangana, nani ana muda wa kubembeleza yai? Ndo hapo krimu inapoingia, krimu haigandigandi, hata mpishi aliyechoka anaiweza. Sio sumu, kula kama unaipenda, ila waiite jina lingine. Na hiyo ya kuku na uyoga mi naona hata aibu kuijadili.

La kuujua mgahawa: acha carbonara kwanza, oda spaghetti al pomodoro, tambi na nyanya, basi. Mi nikiingia mahali kwa mara ya kwanza ndo chakula changu cha kupimia, wenzangu wananicheka eti nimetoka nyumbani kuja kula tambi na nyanya, nawaacha wacheke. Nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, chumvi na majani ya basil, hapo mpishi hana pa kujificha. Sahani ikifika nakagua kabla sijagusa. Je, tambi na sosi vimekutana jikoni, au wameweka tambi nyeupe wakaivika sosi juu kama kofia? Nikiona kofia nishaanza kuwa na wasiwasi. Alafu navuta tambi moja, naing'ata nusu na kuangalia pale ilipokatika, katikati nataka kidoti kidogo cha rangi iliyopauka, hicho ndo wanachokiita al dente, neno kwa neno ni "kwa jino", yaani jino lipate kazi. Ikikatika kwa ulimi tu ujue ilichemshwa mapema ikawa inakusubiri wewe.

Cha pili saa. Risotto, ule wali wao wa kukoroga, ya kweli inakaa kwenye moto kama dakika 18 mpaka 20, supu inaongezwa upawa kwa upawa huku mtu anakoroga. Ukioda ikakufikia baada ya dakika sita ilishapikwa nusu ikawekwa pembeni. Kwa hiyo weita akikuambia "risotto itachelewa kidogo" usimkunjie uso, hiyo ni habari njema. Cha tatu menyu. Piza aina hamsini, tambi aina arobaini, na mapishi mengine ambayo hata Italia hawajawahi kuyasikia, mi hapo najiuliza tu friza lao lina ukubwa gani. Majina ya mlangoni nayo yasikubabaishe, kwa Italia trattoria ni mahali pa kawaida pa kifamilia, osteria asili yake ni pa kunywa mvinyo na kutafuna kitu kidogo, ristorante ndo pa kujipanga zaidi, lakini huko kwingine mtu anabandika neno lolote lililompendeza.

Anti mi nina aibu ya kutamka. Weita akija naonyesha kwa kidole kwenye menyu nasema "hii". Juzi akaniuliza "hii ipi?" nikabadilisha nikaoda piza. — Mnyoosha Kidole

Pole, lakini sisi ndo tulitakiwa tuwe wa mwisho kuona aibu. Kiitaliano kama chetu, maneno karibu yote yanaishia na irabu na a e i o u wanazisoma kama sisi. Yanayosumbua ni machache. Ukiona gn ni ny yetu: gnocchi ni "nyokki", lasagne ni "lazanye". Watu wanajing'ata ulimi na "ginochi" mpaka huruma, wakati wewe ny umezaliwa nayo mdomoni! Ch yao ni k, kwa hiyo bruschetta ni "brusketta", sio "brusheta". C ikikaa mbele ya i au e ndo inakuwa ch yetu, ciabatta ni "chabatta", focaccia ni "fokacha". Gli inakaribia "lyi", tagliatelle ni "talyatelle". Umemaliza. Na hata ukikosea weita kasikia mabaya zaidi yako siku hiyohiyo.

Habari Anti. Mi sili nguruwe na pombe sigusi, hata ya kwenye chakula. Rafiki zangu wanapenda sana hii migahawa basi mi kila siku piza ya mboga, piza ya mboga, nimechoka. Naweza kula nini kingine bila kuhofia? — Mboga Imetosha

Nzuri mpenzi. Una haki ya kuhofia maana nguruwe na mvinyo kwenye mapishi ya Kitaliano mara nyingi havionekani, vimeshayeyukia ndani. Kuna majina inabidi uyakariri: pancetta, guanciale, prosciutto, speck, mortadella, salame, 'nduja, yote hayo kwa kawaida ni nguruwe. Bresaola kwa kawaida ni ng'ombe, ila uliza. Ukiona amatriciana, ndani kuna guanciale.

Anayewaponza wengi ni ragù ya Bologna, ile watu wanaiita bolonyeze. Mtu anaona nyama ya kusaga anajua ng'ombe, kamaliza. Mapishi ambayo Accademia Italiana della Cucina, chama cha mapishi ya Kitaliano, iliyasajili kwenye chemba ya biashara ya Bologna mwaka 1982 yana pancetta na yana mvinyo. Sio kila mgahawa unafuata hayo, wengi wanatumia ng'ombe mtupu, lakini usikisie. Risotto nayo, mchele ukishakaangwa kidogo wanamwagia mvinyo kabla ya supu, na usidanganywe kwamba pombe yote inaruka na mvuke, huwa inabaki kiasi. Sosi za samaki na kome hivyohivyo.

Kwenye vitamu ndo watu wanajisahau kabisa. Tiramisu mara nyingi inatiwa mvinyo wa marsala au ramu kwenye ile kahawa ya kuchovyea biskuti. Panna cotta, ile krimu ya kugandisha, inatiwa jelatini, na jelatini inaweza kutoka kwa nguruwe. Gelato, yaani aiskrimu yao, ya matunda ina nafuu zaidi ila nayo uliza.

Sasa ule nini? Kuna pomodoro, kuna arrabbiata ambayo ni nyanya na pilipili, kuna aglio e olio ambayo ni kitunguu saumu na mafuta. Kuna alla Norma ya Sicilia, biringanya na nyanya na jibini la ricotta lililokaushwa, hiyo mi ningekula kila wiki. Kuna pesto, sosi ya majani ya basil. Ila wewe kazi yako kubwa ni namna ya kuuliza. Usiulize "kuna nguruwe?" maana weita aliyechoka anajibu hapana huku anaangalia meza nyingine. Uliza "sosi hii mnaianza na nini kwenye kikaango?" Atakayeenda jikoni kuuliza akarudi na jibu, huyo mwamini. Anayejibu hapohapo bila hata kugeuka anabahatisha. Na kama kwako hata kugusana ni tatizo, uliza kisu cha kukatia piza, kile kile kilichokata ya salami ndo kitakata yako.

(Kuna mwingine hali nyama kabisa kaniuliza kuhusu jibini. Parmigiano Reggiano inagandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na ile juu ya tambi ya nyanya ndo mara nyingi hiyohiyo. Waambie wasinyunyize.)

Niliwahi kusafiri Italia nikaoda piza ya pepperoni nikaletewa ya pilipili hoho. Walinionea? — Nilikula Tu

Hawakukuonea, ulipata ulichoomba. Kwa Kiitaliano peperoni ni pilipili hoho. Ile soseji ya pepperoni ni ya Wataliano waliohamia Marekani. Siku nyingine sema diavola, ndo piza yao ya salami ya pilipili.

Anti kuna mgahawa mpya wote wanausifu, eti piza ya Napoli orijino. Nimeenda, piza katikati imelowa, nikinyanyua kipande kinaning'inia kama ulimi, pembeni imeungua madoa meusi. Niliirudisha jikoni nikatazamwa kama mshamba. Nani alikuwa na makosa? — Sijakubali

Tugawane makosa. Kwanza ya Napoli ndivyo ilivyo. Oveni ya kuni inawaka kwenye nyuzi 430 mpaka 480 hivi na piza inakaa humo sekunde 60 mpaka 90 tu. Kwa muda huo ukingo unavimba na kupata madoa, lakini maji ya jibini bichi la mozzarella na nyanya hayajapata muda wa kukauka, kwa hiyo katikati panakuwa laini, pana unyevu, unaila kwa uma na kisu au unaikunja. Hawa jamaa wanaichukulia serious, kuna chama chao tangu 1984 chenye kanuni mpaka za unga, na mwaka 2017 UNESCO wakaiweka sanaa ya wapishi wa piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi. Kama unapenda ya kukauka inayolia kra kra, tafuta wanaopika ya Kiroma, ni nyembamba na inasimama yenyewe ukiinyanyua.

Lakini kulowa na kuwa mbichi ni vitu viwili. Siku nyingine funua kipande uangalie tumboni kwake, chini pawe na madoadoa ya kuungua. Alafu pasua ukingo, ndani uone vitundu vitundu kama sponji. Ukikuta unga mweupe unaonata vidoleni kama gundi, rudisha na wakutazame wanavyotaka. Na usiiode kwa boksi hiyo piza jamani, mvuke ukishafungiwa dakika ishirini unapokea kitambaa.

Anti, bili. Tunaenda wanane, mmoja anaoda antipasto ya kuanzia, primo ya tambi, secondo ya nyama, mvinyo chupa nzima, mi nala saladi na maji, mwisho "tugawanye sawa". Alafu juu kuna hela ya mkate ambao hatukuoda. — Saladi na Maji

Umenigusa kidonda. Mi nilishalipia mguu wa mwanakondoo wa mtu ambaye hata simjui, alikuja na rafiki wa rafiki kwenye bethdei, mi nimekula supu ya maharage tu, na nikatabasamu kwenye picha. Tangu siku hiyo namwambia weita wakati wa kuoda, sio wakati wa bili, "yangu iandike peke yake", nasema kwa sauti meza nzima isikie. Ukisema mwanzo hakuna anayeshtuka, ukisema mwisho unaonekana bahili.

Ya mkate: Italia migahawa mingi ina kitu kinaitwa coperto, hela ya kukaa mezani kwa kila kichwa, na inatakiwa iandikwe kwenye menyu, mara nyingi chini kabisa kwa herufi za chungu. Mgahawa wa kwenu nao ukiwa umeandika, mnadaiwa. Haikuandikwa popote, iulizieni kabla hamjatoa hela. Na kwa kuwa mkate mshalipia, uleni wote.

Anti, ni ushamba kufuta sosi kwa mkate? Mchumba wangu ananikanyaga chini ya meza. — Aliyekanyagwa

Wataliano wenyewe wana jina lake, fare la scarpetta, kufanya kiatu kidogo. Kwenye mlo wa kibalozi jizuie, lakini pale kwenye meza inayoyumba futa. Mi hufuta mpaka nijione usoni kwenye sahani. Mwambie mchumba akanyage taratibu, we una kiatu chako juu.